Mgeni wa Kilio cha Baba Mkwe

Msiniambie nilikuwa na malaria. Kila nikisimulia jambo hili hapa Kasongo, kuna mtu ananigusa paji la uso. Sikuumwa, sikulala, na jua lilikuwa utosini. Nilimwona kwa macho yangu haya. Waliokuwepo wanajua, ila wanaona haya kusema.

Baba mkwe wangu alifariki kule Wamaza, msimu wa mvua. Miezi yake ya mwisho alihudumiwa na nani? Wanawe? Thubutu! Ni binti yangu Riziki, wa miaka sita. Ndiye aliyempelekea maji, akamlisha uji, akalala miguuni pake. Mzee alipokufa, shemeji yangu mkubwa akaanza kunong'ona: mtoto gani huyu anakaa na mgonjwa bila kuogopa? Huyu ni mchawi, amemla baba. Ati amemla, mtoto ambaye hata meno ya mbele hana! Na neno hilo si la mchezo. Likishamkaa mtoto, anafukuzwa, na hakuna wa kumfungulia mlango. Mume wangu alikuwa Lusangi kwenye machimbo, sasa nani angetutetea?

Siku ya tatu ya kilio, saa sita mchana, akaja mgeni kwa miguu. Shati jeupe, viatu vinang'aa, anasema ametoka Nyangwe, rafiki wa marehemu wa zamani. Barabara ilikuwa tope tupu, na viatu vyake havina hata tone. Kuna aliyeuliza? Nani amuulize mtu mwenye viatu vile! Shemeji alimpa kiti chake mwenyewe, akaagiza aletewe wali na sombe ya majani ya muhogo.

Riziki akaja na birika na beseni kumnawisha, akapiga magoti kama tulivyomfundisha. Akamtazama usoni, akacheka kwa furaha.

"Babu! Leo umevaa viatu?"

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Funga kinywa," shemeji akamkaripia. "Huyu ni mugeni."

"Hapana, baba mukubwa. Huyu iko babu. Angalia kidole yake."

Na mimi, mama yake, nilifanya nini? Nilimpiga kofi. Ndiyo, mimi niliyemzaa. Aibu ilinishika mbele za watu, basi nikampiga. Birika likaanguka. Shemeji akaruka: "Si niliwaambia? Mulozi huyu!" Akachukua fimbo.

Fimbo ile haikushuka. Mgeni aliidaka hewani, na hapo, niaminini, ndipo nilipouona mkono wake. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatika nusu, kama kile ambacho baba mkwe alikikata kwa panga akifyeka shamba. Tangu afike tulikuwa tunatazama viatu tu. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee wetu, pamoja na kikohozi chake:

"Huyu ndiye alinipatia maji. Ninyi mulikuwa munagawana mashamba yangu, nikiwa nasikia."

Akaiachia fimbo, akazunguka nyuma ya nyumba. Wanaume wakamfuata mbio. Hakukuwa na mtu, wala alama ya kiatu kwenye tope.

Mnadhani walimwomba mtoto msamaha? Weee! Jioni ile shemeji akasema: "Munaona? Ni yeye alimuita kutoka kaburini." Na watu wazima, wenye ndevu zao, wakakubali! Marehemu amesimama mbele yao amemtetea mtoto, nao wakaufanya utetezi huo kuwa kosa jingine. Hasira ile bado inanichoma kifuani. Kulipokucha nikampakia Riziki kwenye pikipiki, tukaja Kasongo kwa dada yangu. Kule sijarudi na sitarudi.

Siku hizi watu wa hapa Kasongo wanamsifu kuwa ni mtoto mwenye adabu. Juzi tumekaa mlangoni, akatazama barabarani, akatabasamu, akainua mkono kidogo kama anayemsalimu mtu. Mimi sikuona mtu. Nikamuuliza polepole, "Mwanangu, unaona nani?" Akashusha mkono haraka, akasogea mbali nami.

"Sioni mutu, mama."

Basi nisikilizeni, ninyi wenye watoto. Mtoto akikuambia ameona kitu, muulize kwanza. Ukimpiga mara moja inatosha, hatakuambia tena. Na siku kitu kibaya kitakapokuwa kinaingia nyumbani kwako, yeye atakiona, na atanyamaza kwa adabu.