Mama Ananituma Nimtafute Mwenye Bati la Halua

Wasomaji wa ukurasa huu, nimeomba jina langu lifichwe, na mtaa wangu vilevile. Nina miaka arubaini na moja, mzaliwa wa hapa hapa Unguja Mjini, na kazi yangu ni kuandika habari. Nimeandika habari za moto, za ndui, za watu waliozama. Hii nimeshindwa kuipeleka kwenye gazeti langu, ndiyo maana naileta kwenu.

Mnaikumbuka ile ndege ya Tanga iliyoanguka karibu na Mkokotoni. Mdogo wangu alikuwamo. Alikuwa mwalimu, mwenye mke na watoto wawili, na alikuwa anakwenda kutazama kazi mpya. Kwetu mtu kupanda ndege ni habari ya mtaa mzima, kwa hivyo jioni ya kuamkia safari nyumba ilijaa. Jirani yetu, nitamwita Bi Zuhura, hakumpa nafasi ya kupumua: "Mwambie huyo dereva wenu aende polepole, mwanetu hata baiskeli hajaizoea!" Mdogo wangu akamjibu, "Nikikuona juu ya dari unaanua nguo ntakupungia mkono, Bi Zuhura." Watu wakacheka.

Katika zogo hilo akapiga hodi bwana mmoja tusiyemjua, kanzu safi, maneno ya adabu. Alimwamkia mama, akasema amesikia kuna mtu anakwenda Tanga, naye ana halua ya dada yake aliyejifungua. Ilikuwa ndani ya bati la biskuti, la kijani lenye maua. Dada mtu angetuma mtu kuipokea uwanjani. Mdogo wangu alisema sanduku limejaa.

"Limejaa nini na wewe? Mashati?" mama akamwambia. "Mtu kaja mpaka mlangoni, tumrudishe na halua yake? Aibu hiyo."

Nani kati yetu hajabeba mzigo wa mtu asiyemjua? Mama alilifunga bati kwa kipande cha kanga yake kuukuu ili kifuniko kisifunguke, akalitia sandukuni kwa mkono wake. Asubuhi, uwanjani, sanduku lilipimwa uzito tu, likapakiwa. Hakuna aliyelifungua.

Ndege iliripuka hewani. Nilikwenda Mkokotoni kama ninavyokwenda kwenye habari yoyote. Nilipofika, wanakijiji walikuwa wameshawaosha na kuwakafini maiti, na makaburi yanachimbwa. Walifanya linalopasa kufanywa, wala hapakuwa na askari wa kuwaambia wamsubiri daktari. Nilimzika mdogo wangu, nikanawa mikono, nikaendelea kuuliza watu maswali. Wapelelezi walipowasili kutoka bara, vipande vya ndege vilikuwa vimeshaingia majumbani. Mwanamke mmoja alikuwa amefunikia chungu cha wali kipande cha bawa. "Hiki hakishiki kutu, baba," aliniambia.

Wapelelezi walisema kwanza kuwa ni injini. Kisha wakasema radi, na siku ile hapakuwa na hata wingu. Mwisho wakasema baruti. Mkubwa wao, ambaye ananijua kwa kazi yangu, alinionyesha kipande cha bati. Rangi ya kijani, ua moja limebaki, kingo zimepinduka kwa nje, na nyuzi za kanga zimeungulia humo.

"Limetoka katika sanduku la mdogo wako," akasema. "Pole, lakini ndiye."

"Mmeuliza ni nani aliyelipanga hilo sanduku?"

"Tumuulize nani? Marehemu?"

"Nyumbani kwetu hamjafika."

"Tufuate nini? Alikuwa akihudhuria mikutano ya siasa. Hilo linatosha."

Nilimrudishia kipande chake, nikaondoka.

Baraza la uchunguzi linafunga kazi wiki ijayo. Litaandika kwamba mdogo wangu ndiye aliyewaua wale wote. Watu wa mtaani, wao wameshatoa hukumu zamani, tangu magazeti yaandike. Shemeji yangu yumo edani na wanawake hawaji tena kukaa naye. Ramadhani ilipoingia alimtuma mwanawe ampelekee Bi Zuhura sahani ya futari. Ilirudi na kawa lake juu, haijaguswa.

Naweza kwenda kesho mbele ya baraza hilo nikasema yote. Lakini neno langu halitoshi. Jioni ile nilikuwa nikipokea wageni, yule bwana nilimwona kwa mgongo tu, na wageni walikuwa katika mazungumzo yao. Aliyekaa naye uso kwa uso ni mama, na mama peke yake ndiye anayeweza kumtambua. Akiitwa, ataonyeshwa bati. Atajua ni kitu gani alichokitia kwenye sanduku la mwanawe. Mpaka leo anaamini kuwa ndege iliharibika. Yeye husoma msahafu, gazeti hasomi, na sisi wa nyumbani tumemficha.

Nikinyamaza, watoto wa mdogo wangu watakua wakiitwa watoto wa muuaji, na mwenye kanzu safi anatembea. Huenda ana bati jingine.

Jana baada ya kufuturu mama aliniita.

"Naam, mama."

"Yule bwana wa halua hujamwona bado?"

"Sijamwona."

"Amana ya watu imepotea mikononi mwetu. Na yule mzazi wa watu, kakaa na uzazi wake hata halua hajaionja. Nnaona haya mie." Akanitazama. "Wewe ndiye mtu wa habari, watu unajua kuwatafuta. Nitafutie, nimuombe radhi. Uso wake sijausahau. Hata nikipishana naye Darajani ntamjua."

Nikamwambia nitamtafuta.

Wasomaji, maisha yangu yote nimeuliza watu maswali. Leo nauliza langu. Nimchukue mama nimpeleke barazani akaeleze sura ya yule bwana, au nimwache aendelee kuona haya kwa sababu ya halua? Nishaurini, wiki ijayo haiko mbali. Nifanye nini?