Kituo cha Waliokosa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke la paja na ng'ombe wa watu, nikaangukia ndani ya josho na kaptura yangu mpya. Ilikuwa kijijini Ole. Josho, kwa nyinyi vijana msiowahi kuliona, ni handaki refu la saruji lililojazwa maji yenye dawa. Ng'ombe huingizwa upande mmoja, akaogelea, akatokea upande wa pili kupe wake wote wamekufa. Kupe ndiye anayeleta ndigana kali, na ndigana ikiingia zizini huondoka na ndama wote. Mkuu wangu wa kwanza, tuliyekuwa tukimwita Bwana Mifugo Mkubwa, alisimama ukingoni akinitazama ninavyotapatapa.

"Ewaa, Kombo," alisema. "Sasa wewe huna kupe. Panda juu, kazi inaendelea."

Nimekuwa bwana mifugo maisha yangu yote, na sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Jadida hapa mjini Wete, napumzika na kusemasema. Vijana hunijia barazani wakaniuliza mambo makubwa. Kwa nini nchi ni moja, Serikali moja, lakini pahala hapa panapanda na pale panabaki palepale? Wengine wanakuja na jawabu lao mfukoni. Wanataka niseme udongo, au niseme uvivu. Nawaambia wacheni upuuzi, kaeni kitako nikuelezeni habari za ng'ombe.

Ng'ombe jike akiingia joto, yaani akiwa tayari kupandishwa, joto lile halimalizi siku nzima. Zamani alitafutiwa dume wa jirani, akazaliwa ndama kama wale wale wa jirani. Ulipokuja utaratibu wa kupandisha kwa mrija, tulipewa mbegu za madume bora wa maziwa. Mbegu hizo hukaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni ya maji, kitu baridi kuliko barafu yoyote uijuayo. Mtaalamu huzitoa, akazitia kwa mrija, na mama wa kienyeji akazaa mtamba, yaani ndama jike, wa maziwa mengi. Lakini ufike kwa wakati. Ukifika kesho yake umefika kunywa chai tu.

Ole njia ilipitika. Mtu alitoka na baiskeli yake asubuhi kunifuata, na mchana ng'ombe wake keshapandishwa. Ndiyo maana Ole walipata maziwa mapema, wakasomesha watoto kwa maziwa, wakaezeka mabati. Walikuwa na mikarafuu na mihogo pia, sikatai. Lakini mimi nimewaona wakiinuka, na nilikuwapo na mrija wangu mkononi.

Kilichonitoa Ole ni mdomo. Siku moja Bwana Mifugo Mkubwa alinitaka niache foleni ya watu pale joshoni, niende kwa shemeji yake aliyekuwa na ndama anayeharisha. Nikamwambia shemeji naye apange foleni. Alivua miwani yake, akaifuta.

"Nimeona una maneno mengi," alisema. "Basi kayaseme Wingwi."

Ofisini walinipa pole kama niliyefiwa. Wingwi ndiko walikopelekwa wote waliomuudhi mkubwa. Aliyepoteza ufunguo wa stoo, Wingwi. Aliyekutwa amelala juu ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, Wingwi. Mtu akikosa tena baada ya kupelekwa huko, hawakuwa na la kumfanya, maana kwa upande wa kaskazini hakukuwa na kituo kibaya zaidi.

Nilifika na begi langu, nimejaa vumbi la ile njia ya mashimo. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Bi Time, mwanamke wa rika langu, mwenye ng'ombe wawili na ulimi usioogopa mtu. Alinijibu salamu, akanipa maji, akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Enhe, weye umekosa nini?" aliuliza.

Nilitaka kukasirika, nikaishia kucheka. Lile halikuwa tusi. Kila aliyemwona akiletwa pale na Serikali alikuwa na kosa lake, na yeye alitaka kujua tu langu ni la namna gani.

Basi nikafanya kazi. Lo, nilifanya kazi! Nilikaa palepale kijijini, na ng'ombe akiingia joto nilikuwa nishafika kabla hajapoa. Tulichanja kuku dhidi ya kideri, ugonjwa unaomaliza banda zima, tukaziba nyufa za josho, ikazaliwa mitamba mizuri yenye matiti ya kujaza ndoo. Watu wa Wingwi walinipenda, na kila wageni wa ofisini walipokuja kukagua, wanakijiji walinisifu mbele yao kama bwana harusi. Sifa zikapanda Wete, na Wete wakasema huyu Kombo anafaa, mleteni huku juu apewe cheo. Nikaenda, nikashukuru. Wingwi wakaletewa mtu mwingine aliyekosa, naye hakukaa. Nilipopita baada ya miaka, josho lilikuwa limekauka na kuku wanataga ndani yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Wingwi walilima mashamba yao madogo kwa bidii kuliko watu wengi ninaowajua. Lakini pahala pakiletewa waliokosa tu, na akitokea mmoja anayefaa akanyang'anywa siku anayoanza kuzaa matunda, patainuka vipi? Hata pangekuwa na udongo wa peponi pasingeinuka. Nalisema hili nikiwa na uhakika, na mwenye hoja tofauti aje barazani tubishane.

Nilipokuwa mkuu wa mifugo wa wilaya, karibu na kustaafu, niliomba mganga wa mifugo aliyesoma akae Wingwi. Nikapewa Bi Salma, binti wa hapa Jadida, katoka chuoni na cheo cha mwanzo kabisa. Mwembamba, mpole wa kuangalia, lakini ukimpa ng'ombe mkaidi utamjua. Alikwenda bila kufanya kosa lolote, na watu hawakumwamini kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Baadaye wakamwamini. Mitamba ikarudi. Wanawake wakaunda kikundi, wakawa wanapeleka maziwa Wete kila asubuhi, na jina la Bi Salma likaanza kutajwa ofisini. Cheo kikubwa kilikuwa kimebaki wazi hapo hapo Wete, na jina lake likawekwa mbele.

Afisa Mdhamini, mkubwa wetu sote wa kisiwa, alikuwa ofisini kwangu siku ujumbe wa Wingwi ulipopiga hodi. Walikuwa watatu, Sheha wao aliyeongoza kijiji, Mzee Hamad mfugaji, na Bi Time. Nikadhani wamekuja kushukuru.

"Tumekuja kumshitaki daktari," alisema Sheha.

Nilishangaa. Ana kiburi, walisema. Hasalimii watu wazima. Anachelewa. Mzee Hamad akasema kuwa hata ng'ombe hawampendi. Bi Time akaona wenzake wanalegeza, akamalizia yeye, "Na chanjo za Serikali anazimwaga shimoni."

Mdhamini aliweka kikombe chake chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipokuwa mkali sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

"Hayo ya kiburi yana onyo," alisema. "Hili la chanjo, likiwa kweli, ni la kufukuzwa kazi. Kombo, nenda kaangalie. Cheo chake kisimame mpaka urudi."

Niliona uso wa Bi Time ukibadilika rangi. Akawaashiria wenzake, wakaaga haraka.

Kesho yake nilipanda honda, pikipiki ya ofisi, nikaenda Wingwi bila kutoa taarifa. Nilimkuta Bi Salma uwanjani kwa Bi Time, amepiga magoti nyuma ya ng'ombe, mkono wake wote umo ndani mpaka begani. Ndama alikuja kinyume, miguu ya nyuma mbele. Anayevuta kamba ni Mzee Hamad. Anayemshika ng'ombe pembe ni Sheha. Bi Time alikuwa akimfuta Bi Salma jasho la uso kwa upande wa kanga yake na kumwita mwanangu, mwanangu, taratibu mwanangu.

Nilisubiri ndama atoke. Alitoka, jike, akapiga chafya. Wote wakasema alhamdulillahi, na hapo ndipo waliponiona nimesimama.

"Asalaam alaykum," nilisema. "Huyu ndiye asiyesalimia watu? Ndiye anayemwaga chanjo?"

Sheha akatazama kwato za ng'ombe. Bi Salma alikuwa bado hajui kitu. "Chanjo gani, Mzee?" aliniuliza, mikono imejaa damu. Nikamweleza yote mbele yao, nani kasema nini, na Mdhamini kajibu nini.

Bi Time hakukimbia. "Ni kweli tumesema," alisema, "na ni uongo mtupu. Weye Bwana Kombo tulikusifu, wakakutwaa. Safari hino tukasema tumtukane. Mkosaji mnamleta Wingwi. Yuno kashafika Wingwi. Mtampeleka wapi tena, baharini? Tulijua mtamwacha papo hapo na sisi. La kufukuzwa hatukulijua, wallahi hatukulijua."

Nilitaka kuwafokea, lakini mpango ule ulikuwa na akili zake, na tuliowafundisha akili hizo ni sisi wa ofisini.

Aliyefoka ni Bi Salma. Alinawa mikono, akasimama, machozi yanamtoka. "Mmenichafulia jina! Nimelala kwenye nyumba inayovuja kwa ajili yenu, nimekula vumbi la njia yenu, na nyinyi mnakwenda kuniharibia kazi yangu? Mama yangu asikie kwa watu kuwa bintiye anamwaga dawa za Serikali?" Bi Time alimfuata kumshika, Bi Salma akausukuma mkono wake. "Na wewe, Mzee," alinigeukia, "ofisi inataka kunihamisha, hawa wanataka kunizuia. Nani kati yenu aliyeniuliza mimi?"

Alisema kweli tupu. Hakuna. Basi nikamuuliza papo hapo, wewe wataka nini?

Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Nataka cheo," alisema. "Sikusoma ili nizeeke na cheo cha mwanzo. Na kazi yangu iko hapa, haijamalizika. Nataka nyumba isiyovuja, honda, na msaidizi wa kumfundisha. Lakini cheo kipo Wete na kazi ipo Wingwi, sasa nichague nini?"

Siku ile ile tukaenda wote kwa Mdhamini, mimi na honda, wao na gari ya abiria. Wote watatu walikiri, wakaomba radhi mbele ya Bi Salma. Mdhamini aliwasikiliza, akawaambia waliyoyafanya yangeweza kumvunja mtu maisha yake, na wao wakasema ni kweli. Kisha nikaomba Bi Salma apandishwe cheo akiwa huko huko.

"Haiwezekani, Kombo. Nafasi hiyo ni ya Wete."

"Ihamishwe, bwana. Kama mtu anahamishika, nafasi nayo ihamishike."

"Cheo kama kile kikae Wingwi? Nikuambieje, hapana mfano wake."

"Mfano tunao wa kupeleka waliokosa," nilimjibu, na hapo nilishapandisha sauti. "Huo tumeufuata miaka yote, umetupa nini? Josho lilikauka, kuku wakataga ndani yake!"

Aliniangalia vibaya. Nadhani angenifukuza ofisini kama si Bi Time, ambaye hakuwa ameombwa kusema.

"Baba," alimwambia Mdhamini, "tukisifu mwatwaa. Tukitukana mwafukuza. Tukinyamaza hamtujui kuwa tupo. Basi sisi tufanyeje? Tufundishe wewe."

Mdhamini alisimama dirishani na mgongo wake kwetu, kisha akamuuliza Bi Salma, siyo mimi wala wao, kama kweli yuko radhi kukaa. Alisema yuko radhi, akipewa aliyoyataja na jina lake likisafishwa kwa maandishi. Alipewa. Si yote kwa mara moja, nyumba iliendelea kuvuja masika nzima, lakini cheo kilikwenda Wingwi, na kilipokaa Wingwi mambo mengine yalilazimika kukifuata. Mtungi wa naitrojeni ukawekwa huko huko. Wakaja wasaidizi kujifunza kwake, vijana wasiokuwa na kosa lolote.

Mimi nilistaafu muda mfupi baadaye. Sisemi Wingwi imekuwa Ole. Njia bado inavunja mgongo, na vijana bado wanaondoka. Lakini maziwa yapo, wasichana wanasoma, na mtu akijenga nyumba anaezeka mabati bila ya majirani kumshangaa. Nilivyoona mimi katika kazi yangu, pahala panabaki maskini pale wakubwa wanapopafanya jalala la watu, na panainuka siku anayefaa anapopata sababu ya kubaki. Mengine yote, udongo, mvua, bei, yana nafasi yake, lakini nimeona udongo mbaya ukilisha watu na mzuri ukiwatupa.

Mwaka huu Bi Salma amekubali kwenda kushika ofisi ya wilaya. Safari hii ametaka mwenyewe, na amewaacha Wingwi waganga aliowafundisha kwa mkono wake. Nilialikwa kwenye kuagana. Mdhamini wa sasa alikuwapo, amekaa mbele kwenye kiti. Bi Time, anayetembelea fimbo siku hizi, aliinuka akamsifu Bi Salma, ng'ombe kwa ng'ombe, ndama kwa ndama, akalia, akafuta macho, akaendelea kusifu. Aliposhiba akawaita wale waganga wawili vijana watakaobaki Wingwi, akawasimamisha mbele ya Mdhamini, akawashika mikono.

"Na wano pia wazuri," alimwambia kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Wazuri sana. Nakwambia bila ya kuogopa."