Sufuria ya Pili ya Germaine Jossart

Kwa miaka thelathini na mmoja Germaine Jossart alikata karoti kwenye meza iliyo hatua kumi kutoka sufuria ya Klabu ya Majirani ya kijiji cha Lambree, na miaka hiyo yote aliyeshika mwiko alikuwa mumewe, Norbert. Norbert alifariki mwezi Machi, na mwanzoni mwa Septemba wanachama walikutana katika jengo la zimamoto, wakanywa kahawa, wakapiga kura. Mwiko ulikwenda kwa mjane, kura tisa kwa nane. Katika kikao hicho hicho waliamua kwamba mwaka huu ipikwe sufuria moja badala ya mbili. Hakuna aliyetaja sababu. Mwenyekiti, Eldred Massart, alisema tu kwamba haipendezi kubaki na buya isiyonunuliwa.

Buya ndiyo inayoiendesha klabu. Ni mchuzi mzito wa kuku, mkia wa ng'ombe na kila mboga inayotoka bustanini mwezi Septemba, hupikwa nje kwa kuni tangu alfajiri katika sufuria ya chuma ya lita mia mbili, na watu huja kuinunua na vyombo vyao kutoka nyumbani. Kwa buya klabu imewanunulia wazee miwani, imeweka taa kwenye uwanja wa watoto, imeezeka upya maktaba. Mwaka huu ilikuwa zamu ya gari.

Gari la zamani, lililowapeleka wagonjwa wa figo hadi mjini Green Bay mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, lilikufa mwezi Julai. Tangu hapo wagonjwa watano walikuwa wakiishi kwa kuomba lifti. Mmoja wao ni Leona, mdogo wake Germaine, ambaye alikuwa amekosa safari mbili na mara ya pili akalazwa. Muuzaji mmoja alikubali kuwashikia gari hadi Jumatatu baada ya siku ya buya. Klabu ilikuwa imepungukiwa dola elfu mbili na mia nne, na sufuria moja, hata ikiisha yote, ingeleta nusu tu. Germaine aliyasema hayo kikaoni. Eldred alijibu kwamba nusu nyingine itatafutwa. Hakusema itatafutwa wapi.

Germaine ana miaka sabini na miwili, ni mfupi, na huzungumza kama mtu anayelipia kila neno. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha jibini, nyingi kati ya hizo akiwa muonjaji. Ulimi wake ulikuwa ukirudisha tangi zima la maziwa kwa mkulima, na mkulima hakubisha.

Jumapili ya buya aliwasha moto mwenyewe. Alitoa agizo moja: mtu yeyote asiguse chumvi. Kisha akakoroga. Mauzo yalipangwa kuanza saa nne na nusu asubuhi, kwa sababu timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay ingecheza saa sita, na ikifika saa sita siku ya mechi hakuna gari barabarani Lambree isipokuwa la mtu aliyepotea njia.

Saa nne kamili, foleni ikiwa imezunguka jengo la zimamoto, alikwenda kwenye meza ya mboga kupangusa uso, kama alivyofanya mara kadhaa asubuhi hiyo, akarudi, akachota kijiko, akaonja. Akakirudisha kijiko mezani taratibu.

“Nani ametia chumvi humu?”

Wanaume watatu waliokuwa wakichochea kuni walitazama kuni.

“Mimi nimerushia kidogo tu,” alisema Eldred. “Norbert alikuwa akiongeza saa tatu.”

“Kidogo cha mkono wako ni koleo,” alisema Clayton Herlache, fundi wa matrekta. Kisha akakohoa. “Na mimi nilitia. Nilidhani umesahau.”

Wa tatu, Urban Baudhuin wa posta, alikiri kwamba naye alitia, tena mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuona tofauti.

Kila mwanamume mzima wa Lambree anaamini kwamba yeye peke yake anajua chumvi ya buya. Germaine aliwaambia jambo ambalo hawakulijua kwa miaka thelathini na mmoja: Norbert hakuwahi kuonja. Alikuwa akitazama meza ya karoti. Mkewe alipopangusa kisu kwenye aproni, hiyo ilikuwa ishara, ndipo Norbert alipotia chumvi.

Eldred alivua kofia, akashauri watu waombwe radhi na warudi nyumbani.

“Hawarudi,” alisema Germaine. “Leteni sufuria ya pili.”

Clayton alisema ile ina kutu, imefunikwa bandani tangu mwaka jana. Walipoitoa, ilikuwa inang'aa. Germaine aliisugua Ijumaa, bila kumwambia mtu, na kuni zake alizipanga nyuma ya banda.

Kisha alisimama juu ya kreti la maziwa mbele ya foleni, akaeleza kwa sentensi tatu: buya imezidi chumvi, itagawanywa sufuria mbili na kuongezwa maji, kwa hiyo anahitaji viazi, kabichi, karoti na kuku, na itakuwa tayari saa saba. Kwa mara ya kwanza siku hiyo foleni ilinung'unika. Saa saba mechi itakuwa katikati.

“Mechi mtaisikia hapa hapa,” alisema. “Magari yenu hayana redio?”

Aliyejibu alikuwa mfugaji mmoja wa kike aliyeshika ndoo ya plastiki. Alisema ana kuku wanane kwenye friza, wamekwisha kunyonyolewa, na kama kuna mtu asiyeweza kusikiliza mpira huku akimenya viazi, basi huyo hakuwa mpenzi wa timu tangu mwanzo. Akaondoka kwenda kuwachukua. Wengine walitawanyika kwenda bustanini kwao. Kwa nusu saa ilionekana kama wamekimbia. Kisha wakaanza kurudi, na viazi vikiwa bado na udongo.

Saa sita ilipofika, magari yalikuwa yamepangwa uwanjani, milango wazi, redio zote stesheni moja. Watu mia na zaidi walimenya wakisikiliza. Eldred alipewa vitunguu, na hakubisha. Germaine alikoroga sufuria moja, Clayton ya pili, na kila baada ya muda Clayton alitazama aproni ya Germaine.

Saa saba kasoro dakika tano Germaine alichukua kisu, akakipangusa kwenye aproni. Clayton akatia chumvi kiasi cha kiganja, katika sufuria zote mbili.

Sufuria zote zilikwisha kabla ya filimbi ya mwisho. Green Bay walishinda. Jumatatu asubuhi Eldred mwenyewe alipeleka fedha kwa muuzaji, zikiwa zimezidi kidogo, na ziada ikajaza tangi la mafuta. Kikao cha mwezi uliofuata kilipitisha sufuria tatu kwa mwaka ujao. Kura hazikuhesabiwa, mikono yote ilikuwa juu.

Jumanne gari liliondoka saa kumi na mbili asubuhi na wagonjwa watano. Leona alikaa mbele, mapajani amebeba mtungi wa buya kwa ajili ya wauguzi. Yeye haruhusiwi chumvi. Hata hivyo alionja kijiko kimoja, akafungua dirisha, akamwambia dada yake aliyesimama nje kwamba chumvi haijakolea.

Germaine alipiga bodi ya gari kwa kiganja, dereva akaondoka.