Miaka Minne na Siku Moja

Jirani yangu Tomie Hagiwara alikuwa mkunga hapa Kisuki, Japani, kwa miaka arobaini na mmoja. Aliwapokea watoto elfu mbili mia tatu na kumi na sita, na alipostaafu akawaingiza wote kwenye kompyuta, jina na tarehe, kutoka kwenye madaftari yake ya kazi. Mwaka huu, Tomie akiwa na miaka sabini na minane, kompyuta hiyo ilichoka kabisa. Mpwa wake Shiori akamhamishia orodha kwenye mpya, na Tomie akaanza kuwaandikia watoto wake kadi za siku ya kuzaliwa.

Kadi ya saba ilimwendea Yugo Katsube, mtengeneza tofu. Kesho yake akaja nayo, akatukuta jikoni tunamenya figili.

“Mama mkunga, umenizeesha. Unanipongeza kwa kutimiza arobaini, nami nina thelathini na sita. Tena nimezaliwa tarehe kumi na moja, leo, siyo jana.”

“Mwaka gani?”

“Themanini na tisa. Mimi mtoto wa Heisei, enzi ya mfalme mpya, wewe umenirudisha Showa, enzi ya baba yake, na wazee wenzako.”

Tomie alicheka naye. Yugo alipoondoka, akaweka kisu chini.

“Yule nilimpokea mimi, theluji inaanguka,” alisema. “Sasa tarehe yake nimeitoa wapi?”

Nilijua anachowaza. Mama yake Tomie alifariki akiwa hawajui tena wanawe, na Tomie aliogopa usahaulifu huo umemfikia.

“Daftari liko wapi?” nikamuuliza.

Lilikuwa kabatini, chini ya mablanketi. Tukafungua: Katsube, mvulana, kumi na moja Machi 1989, theluji. Kwenye kompyuta ilikuwa kumi Machi 1985. Tukamtafuta mwingine, kisha wa tatu. Kila mmoja alikuwa amerudishwa nyuma miaka minne na siku moja, bila kupungua wala kuzidi.

“Mtu anayesahau hasahau kwa kipimo namna hii,” Tomie akasema polepole, kisha akampigia Shiori simu.

“Shangazi, kosa ni langu,” Shiori alisema. “Ndani ya jedwali hakuna tarehe, kuna namba tu. Kompyuta inahesabu siku tangu siku fulani ya mwanzo, halafu inatuonyesha tarehe. Jedwali lako la zamani lilianza kuhesabu mwaka 1904. Hili jipya limeanza 1900. Mimi nikanakili namba tupu.”

“Kumbe hata nayo ina siku yake ya kuzaliwa.”

“Ndiyo. Ongeza siku 1462 kwa kila mmoja, watarudi mahali pao.”

Shiori alitaka kuja kurekebisha, Tomie akakataa. Alivaa miwani, akaandika ile hesabu kwenye mstari wa kwanza, akaivuta hadi chini. Yugo akarudi tarehe kumi na moja. Tomie hakutosheka, alichukua madaftari akalinganisha majina mia mbili, mmoja mmoja, kwa siku tatu, huku akinisimulia nani alitoka miguu kwanza na baba gani alizimia.

Kadi sita za mwanzo aliziandika upya akazipeleka kwa miguu, na kila nyumba akakaribishwa chai. Nyumba ya tano walimpa mtoto mchanga ambebe kidogo. Alimkagua kitovu kabla hajamrudisha, akasema kimekauka vizuri.