Mama Alikuwa Amenenepa

Nanunua maharage Kibondo, na gunia lililofunguliwa mdomo siliamini. Mdomoni kila mtu huweka punje nzuri. Hata mimi nimewahi kuweka. Kwa hiyo natembea na bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochota punje kutoka ndani. Nachoma juu, katikati, chini, halafu nageuza gunia na kuchoma tena. Mkulima mmoja wa Murungu aliniuliza, "Dada, na mume ulimchoma hivi hivi kabla hajakuoa?" Nikamwambia ndiyo maana sina.

Mtu huyo huyo, yaani mimi, kwa miezi mitano nilimtazama mama kwenye simu nikaridhika.

Mama alikuwa Kasulu, kwa mdogo wangu wa kiume. Kila Jumapili baada ya ibada wifi alinipigia simu ya video. Mama kakaa kwenye kochi karibu na dirisha, kilemba kimefungwa vizuri, anaonekana kuanzia mabegani kwenda juu. Uso umejaa, mashavu yanang'aa.

"Mama, umenenepa! Wifi anakulisha nini?"

"Ugali wa muhogo na maneno yake."

Tulicheka wote watatu. Mama alituvusha kutoka Burundi akiwa mifupa na kitenge, na kambini hakuongezeka. Mashavu yale niliyasubiri tangu nikiwa mtoto. Nilipiga picha kioo cha simu, nikawaonyesha wenzangu sokoni. Wakasema Kasulu kuna maisha.

Lami ipo, mwendo wenyewe saa chache tu. Sikwenda. Niende kuona nini ambacho sijakiona?

Jumapili moja simu ikamponyoka wifi. Kabla hajaiokota niliona miguu ya mama: imevimba, ngozi imevutika, vidole vimezama.

Jumatatu nilikuwa Kasulu, na mchana tukawa hospitali. Daktari, mgeni kutoka Pwani, akauliza, "Uso umevimba tangu lini?"

"Uso haujavimba," nikamwambia. "Amenenepa."

Akanitazama, kisha akabonyeza shavu la mama kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Akasema ni figo, na kwamba tumechelewa sana.

Nje nilimgeukia wifi kwa maneno ambayo siyaandiki. Akalia. "Mama ndiye aliyeniambia nishike simu juu, dada. Alisema ukiona miguu utaacha kazi zako."

Niliporudi kitandani mama alikuwa amesikia yote.

"Muache. Ni mimi," akasema. "Lakini na wewe, mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kirundi chetu, "hukuniomba nisimame hata siku moja."

Aliishi wiki tatu.

Msibani ikatakiwa picha ya kuweka juu ya jeneza. Nilileta ile ya zamani ya kambini, uso mwembamba, macho makali, mama mwenyewe. Mdogo wangu akakataa.

"Hapo anaonekana ana njaa, dada. Watu watasema hatukumtunza."

"Na hii ya mashavu ni ugonjwa."

"Nani anajua?"

Nilibishana naye hadi wazee wakatuomba tunyamaze. Ikawekwa ile niliyoipiga mwenyewe kwenye simu. Waombolezaji walipita mmoja mmoja, wakaitazama, wakaja kunishika mkono.

"Poleni. Angalau mlimtunza vizuri."

"Asanteni," nikawajibu.