Siku Mama Alipompokonya Mheshimiwa Maiki

Sisi tuliokulia Matisi, pale Kitale, wakati mtoto akilala kwa jirani hakuna aliyemtafuta, Jumamosi zetu zilikuwa na mwenyewe: baba yangu, Sajini Wafula. Alikuwa amestaafu jeshini, lakini kukaa ndani ya nyumba kulimshinda. Alfajiri alipiga filimbi uani, na watoto wa mtaa mzima wakatoka na matongotongo machoni, wengine wameshika viazi vya jana. Hakuuliza wewe ni wa nani. Watoto wa makarani, wa wachuuzi, hata Harjit, mwana wa Singasinga mwenye duka la vyuma, sote tulidandia lori la mahindi mpaka Endebess, kisha tukaingia msitu wa Elgon kwa miguu.

Alitufundisha kuwasha moto kuni zikiwa mbichi, kunywa maji ya kijito bila kuwachafulia walio chini, na kukamata kumbikumbi mvua ikikatika. Tuliwakaanga kwenye bati, wakinukia mpaka mate yakatudondoka. "Mguu ukiuma, imba," alikuwa akisema, nasi tuliimba mpaka sauti zikakauka. Leo nikimwambia mwanangu twende mlimani, ananiuliza, "Mum, kwani huko kuna network?"

Nyumbani hakuna aliyepita mlango wetu wakati wa ugali akaachwa aende. Siku moja baba alirudi bila koti lake zito la jeshi; alikuwa amemvisha mlinzi aliyetetemeka kwa baridi ya Kitale. Mama akanuna. "Utagawa hata sisi!" Baba akacheka, na kesho yake akagawa buti.

Alipofariki mwaka jana, tulimpeleka Bumula, kwa baba zake. Huko ndiko damu ilikonichemka, na mpaka leo haijapoa.

Harjit, sasa mtu mzima mwenye mvi ndevuni, alikuwa ametoka Kitale mapema aje kusema neno. Mfawidhi wa mazishi akamwambia, "Keti tu, bana. Muda umeisha, mheshimiwa amefika." Wajukuu waliojiandaa kuimba wakasukumwa nyuma ya hema. Mheshimiwa huyo, mwanasiasa ambaye hakuwahi kukanyaga kwetu, akashika maiki. Akamwita baba "Koplo Wekesa". Akasema ati marehemu alikuwa mkono wake wa kulia kwenye kampeni. Baba! Aliyezima redio siasa zikianza! Kisha akaanza kuwatukana wapinzani wake, jeneza liko pale mbele kama meza ya baa, na vijana wakampigia makofi. Nililia kwa hasira.

Mama hakulia. Aliinuka polepole, akaenda mbele, akanyoosha mkono.

"Leta hiyo kitu, mwanangu."

"Mama, si nimalizie kidogo tu..."

"Umemaliza. Huyo Wekesa unayemzika mimi simjui. Kama umepoteza wako, enda umtafute. Huyu hapa ni Wafula. Ni Sajini. Ni bwanangu."

Akamtoa maiki mkononi. "Harjit, kuja."

Harjit akaeleza jinsi alivyoteguka mguu msituni akiwa mdogo, na baba akambeba mgongoni mpaka barabarani, akimpigia hadithi njia nzima. "Babangu alishinda dukani," alisema. "Huyu ndiye alinionyesha mlima." Wakati huo mheshimiwa alikuwa ameshaingia garini, vijana wakimkimbilia nyuma. Mama hata hakugeuka. Aliwaita wajukuu waimbe.

Tulimzika tukiwa wachache, na tulimzika vizuri.

Zamani mtu akifa, waliosimama kumsema ni waliokula naye, waliotembea naye, hata waliogombana naye. Asiyemjua marehemu alikaa nyuma, akala, akashukuru, akaenda kwao. Siku hizi huyo ndiye anayepewa kiti cha mbele na maji ya chupa, huku mjane akiambiwa muda umeisha. Na sisi, tuliolelewa na wanaume kama baba yangu, tumeketi kwenye viti vya plastiki, tunapiga makofi.