Ndege Juu ya Paa la Changamwe

Nakiri sasa: nilijua baba anakuwa kiziwi, na kwa miaka miwili nililikana jambo hilo mbele ya ndugu zangu. Kaka alitaka kumhamisha kutoka nyumba ya Changamwe, alikobaki peke yake tangu mama afariki. Chuo kikuu kilinifundisha kutetea hoja hata ikiwa mbovu, na hii niliitetea vilivyo.

Baba alikuwa mhandisi wa kreni za bandarini, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege. Zilipita juu ya paa letu zikienda kutua, na kwetu ilikuwa sheria: ndege ikija, mazungumzo husimama. Baba huinua kidole, husikiliza, kisha huitaja kabla haijaonekana. "Injini nne hiyo, wanangu."

Miaka ya tisini, nikienda nyumbani likizo, nilikuwa nikiisikia ndege nanyamaza ghafla. Baba akiona midomo yangu imetulia, huinua kidole. "Unaona?" nikamwambia kaka. "Anasikia kukushinda wewe!"

Kisha jioni moja nikampigia simu kutoka Nairobi, tukizungumza kwa kupaza sauti kama wagomvi. Alikuwa akinieleza habari za mpapai wake niliposikia ndege ikija juu ya nyumba yetu, ikivuma ndani ya simu hata nikaisogeza mbali na sikio. Nikanyamaza, kama nilivyolelewa. Baba akaendelea na mpapai wake mpaka ndege ikapita.

"Mbona kimya, mwanangu?" akauliza. "Bado upo?"